Magoti ya Dada Mutesi

Simu ya Hirwa, mtoto wa dada yake, ilimkuta Scovia nyuma ya nyumba yake huko Batsinda, akianika shuka alilotaka kumpelekea dada yake hospitalini. Aliipokea huku kibanio cha nguo kikiwa mdomoni.

"Mama mdogo, umekaa?"

"Nimesimama, mwanangu. Sema."

Hirwa alimpa muuguzi simu. Muuguzi ndiye aliyesema kwamba damu waliyomwongezea mgonjwa haikufua dafu, amefariki. "Ihangane, mama," alimalizia. Vumilia. Scovia akaendelea kuanika. Alinyoosha pembe za shuka, akabana upande mmoja, akabana wa pili, ndipo akaketi kwenye majani mabichi.

"Bwana," alisema, "tulikuomba magoti. Magoti tu."

Mutesi hakuwa mtu wa kukaa. Alilelewa pamoja na mdogo wake Scovia huko Karagwe, upande wa Tanzania, na waliporudi Rwanda walirudi na Kiswahili, wakagombana na kucheka kwa lugha hiyo mpaka nywele zikaota mvi. Mume alifariki Hirwa akiwa bado ananyonya. Mutesi akaingia soko la Nyabugogo kuuza maparachichi kwa jumla. Alilitikisa tunda sikioni. Akisikia kokwa inagonga ndani, alijua limekomaa.

"Mama Hirwa, unalinunua au unaliposa?" dereva mmoja wa lori alimtania.

"Ningeliposa, maana lina akili kukushinda. Shusha magunia!"

Nyumba yake ilikuwa mtaa wa Gitega, chini kabisa ya barabara, na njia ya kuifikia ni ngazi za udongo. Maumivu yalianza wakati wa kushuka, si kupanda. Baadaye magoti yakawa yanavimba, na asubuhi yanagoma kukunjuka mpaka ayasugue kwa muda. Akawa anashuka ubavu ubavu kama kaa. Alipaka kila mafuta aliyoambiwa. Mtu mmoja pembeni ya soko akamchanja kwa wembe na kumuumika kwa pembe ili atoe damu mbaya. Damu ilitoka, maumivu yakabaki.

Scovia ndiye aliyemburuta hospitalini. Baada ya picha kupigwa, walipelekwa kwa Léonce, mtaalamu wa mazoezi ya viungo.

"Mama, kuna gegedu inayozuia mifupa ya goti isisagane. Yako imelika, na haioti tena."

"Hata nikiombewa?"

"Uombewe, lakini na mazoezi ufanye."

Akamweleza pole pole. Misuli ya mapaja ikipata nguvu, itabeba mzigo ambao magoti yamechoka kuubeba. Apunguze uzito, asijitwishe magunia, atembee na fimbo. Vidonge vya maumivu ni vya siku mbaya tu, tena baada ya kula. Kuna sindano ya ndani ya goti, hutuliza kwa muda. Mwisho wa yote kuna upasuaji wa kuwekewa goti la bandia, ila foleni ni ndefu, na kwa kuwa alikuwa na presha ya kupanda, moyo ungepimwa kwanza.

"Fimbo!" Mutesi alishtuka. "Ng'ombe za Karagwe nilizikimbia, wewe unanirudisha machungani?"

Hata Léonce alicheka.

Mazoezi aliyafanya, akiwa ameketi kitandani, akiinua mguu mmoja mmoja huku akiimba. Yalimsaidia. Lakini msimu wa maparachichi ukafika, magunia yakaita, mazoezi yakalala. Sindano ilimpa mwezi mtamu mpaka akacheza na kwaya. Kisha maumivu yakarudi kama mgeni aliyesahau mwavuli. Vidonge vya siku mbaya vikawa vya kila siku. Mwenzake wa sokoni akampa vingine vya rangi tofauti, akavichanganya vyote.

Jambo lililomuumiza kuliko yote lilikuwa kanisani. Wenzake wa kundi la maombi hupiga magoti juu ya saruji, naye akawa anabaki kwenye benchi.

"Nimwombe Mungu nimekaa, kama vile namhukumu?" alimuuliza Scovia, na safari hii hakutania.

Ikaja wiki ya mfungo wa kuombea wagonjwa. Walikubaliana kutokula kabisa, ila maji kidogo jioni. Mutesi alimeza vidonge vyake kila asubuhi kwa funda moja la maji.

"Dada, Léonce alisema ule kwanza."

"Dawa si chakula, mdogo wangu. Mfungo uko palepale."

"Basi acha dawa mpaka mfungo uishe."

"Nikiacha, nitapigaje magoti?"

Na alipiga. Daphrose, kiongozi wa kundi, alipomwona chini pamoja na wengine alipaza sauti ya haleluya, kanisa zima likapokea. Scovia alilia kwa furaha.

Siku iliyofuata Mutesi alimnong'oneza kwamba choo chake kimekuwa cheusi kama lami. "Uchafu wa ugonjwa unatoka, Scovia. Mungu anasafisha."

Scovia alimtazama midomo, akaiona imepauka. Akamshika mkono, ulikuwa baridi. "Twende hospitali, dada. Sasa hivi."

"Mfungo unaisha kesho. Nimkatie Mungu ahadi katikati?"

Scovia alimsihi. Alimpigia Hirwa, naye akamsihi mama yake kwa simu. Mutesi aligeukia ukutani na kujifunika kitenge.

Asubuhi alijaribu kusimama aende kanisani, akaanguka akitapika damu. Majirani walimbeba mgongoni, wakipokezana, mpaka barabarani. Hospitalini daktari alisema vidonge, vikiingia kwenye tumbo tupu, vimelichimba vidonda, na damu imekuwa ikivuja siku kadhaa. Akasema walipaswa kumleta mapema. Scovia aliomba pale koridoni mpaka maneno yakamwisha, akabaki akisema "Yesu" peke yake. Jioni walimwambia akapumzike, alete nguo safi. Kesho yake, akianika shuka, ndipo simu ya Hirwa ilipoita.

Daphrose alifika msibani macho yamevimba. "Mungu amempenda zaidi yetu," alisema.

"Usiniambie hivyo leo, dada," Scovia alimjibu. "Leo kaa nami tu."

Daphrose akaketi kando yake.

Walimzika Rusororo siku ya Jumatano. Mwili ulitolewa hospitalini asubuhi, ukapelekwa kanisani, kwaya ikaimba, na waliotaka kumuaga wakapita mbele ya jeneza. Makaburini mvua ilinyesha kidogo ikaacha. Mchungaji alisoma Zaburi ya ishirini na tatu. Hirwa alitupa udongo wa kwanza, Scovia akafuata, kisha ndugu na wanawake wa Nyabugogo. Mashada ya maua yaliwekwa, msalaba wenye jina lake ukasimikwa. Walirudi Gitega, wakanawa mikono mlangoni kama desturi ilivyo. Hirwa aliwashukuru watu kwa niaba ya familia, mchungaji akaomba, na watu wakaondoka mmoja mmoja.