Miche ya Kunigunda Haing'olewi

Miche ya kahawa ya Kunigunda, mjane wa kijiji cha Mbuji, ilipoanza kuwa na majani ya manjano, shemeji yake Tadei alikuja kitaluni.

"Shemeji, ng'oa hiyo. Kahawa ilikuwa kazi ya kaka, wewe hutaiweza. Shamba niachie mimi."

"Sing'oi hata mmoja," alijibu Kunigunda.

Alichana kiriba kimoja, mfuko wa plastiki wenye mche. Udongo ulikuwa tope na mizizi imeanza kuoza. Kumbe maji yalizidi! Akatoboa viriba vyote chini, akapunguza kumwagilia.

Majani ya zamani yalipukutika, lakini mapya yakachipua ya kijani. Mvua zilipoanza, alikuwa akiipanda miche hiyo shambani Tadei alipopita.

"Karibu shemeji, shika jembe," alimwita. "Ila shamba ni langu."