Kanzu ya Kompyuta

Mwaka ule tulikula muhogo asubuhi kwa chai ya rangi, tukala muhogo mchana kwa ng'onda, samaki mkavu mwenye chumvi ya kukausha ulimi, na jioni tukala uliobaki. Mahindi yalikuwa yamekauka mashambani, unga umepanda, na wali ukawa chakula cha arusi na matanga. Ukimuuliza jirani yeyote wa Mambrui mashine ya nyumbani kwangu ilianza kuzimika mwaka gani, hatakutajia tarakimu. Atakwambia, ule wa muhogo na ng'onda.

Mashine nisemayo ni kompyuta. Si ile ya kufunga ukatia mkobani. Hii ni sanduku jeusi la kusimama, kimo cha mtungi, na kioo chake pembeni. Iko chumba cha mbele, na mjukuu wangu wa kike hujifunga ushungi akaketi mbele yake akasomesha. Wanafunzi wake ni watoto wa watu wetu waliolowea Ulaya. Anawafundisha Kurani na Kiswahili, maana huko walipo ulimi wa kwao unawapotea. Mimi nilitolewa shule darasa la tatu nikawekwa jikoni, na huyu wangu anaitwa mwalimu na watoto wasiolijua hata jua la kwetu. Najivuna, wala sioni haya kusema.

Mama yake, mwanangu wa kumzaa, alikwenda Uarabuni kufanya kazi za majumbani. Mkataba ulikuwa miaka miwili. Huu ni mwaka wa tisa. Namjua kwa sauti ya simu tu, na sauti yenyewe imekonda. Kwa hivyo lile sanduku kwangu halikuwa sanduku, lilikuwa komeo la mlango. Likiwaka, mtoto yuko. Likifa, tuna jirani yetu mmoja mwenye kazi ya kupeleka wasichana huko huko, na njia ya kwangu anaijua.

Na kitu cha thamani nyumbani kwangu hakikai uchi. Redio ina kitambaa, friji ina kitambaa, hata mtungi wa gesi una shati lake. Nilikaa wiki mbili nikalifumia sanduku kanzu ya uzi, waridi na nyeupe, ikalifunika mpaka chini, nikaacha uwazi wa vidole viwili wa kutokea nyaya. Na kila Alhamisi nikifukiza udi, chetezo nakiweka pale pale penye uwazi, moshi uingie. Watu wanaona, na jicho la hasidi haligongi hodi.

Kaskazi ilipoingia na joto lake, ikaanza. Mjukuu yumo katikati ya somo, mara kioo cheusi, kimya. Akingoja robo saa inawaka. Siku ya pili ikazima mara mbili. Baada ya wiki ikawa haimalizi somo hata moja. Mzazi mmoja akamtumia ujumbe: mwalimu, mambo yakiendelea hivi tutatafuta mtu mwingine. Alinisomea kwa sauti ya mtu asomaye bei ya vitunguu, kisha akaigeuza simu kifudifudi mezani.

Mimi sikuwa na makalio ya kukalia. Nikikuna nazi, masikio yako chumba cha mbele. Ndani ya sanduku mna kijipangaboi cha kulipepea, na kikianza kuvuma kama nzi ndani ya chupa najua bado kidogo. Naingia na kifuu mkononi, naweka kiganja juu ya kanzu. Moto, kama paji la mtoto mwenye homa.

"Bibi, ondoka hapo, watoto wanakuona."

"Waone. Waone mtu anayeuguza."

Nikaona basi, hili ni jicho. Nikafukiza na Jumatatu pia.

Yule jirani wa kupeleka wasichana akaja. Uso hana ubaya, yule. Mwaka wa muhogo yeye alikuja na maandazi ya ngano, sahani imefunikwa. Akaketi, akakisikiliza kimya cha chumba cha mbele.

"Mashine imekufa tena?"

"Imepumzika."

"Dada, mashine haipumziki. Mwache mtoto aende miaka miwili, arudi ajenge."

"Mama yake amejenga nini?"

Akayatazama maandazi yake. Ndipo nikamwambia, "Huyu haendi. Kama ni muhogo tutakula muhogo, lakini tutakula wote sinia moja."

Aliondoka. Maandazi tuliyala, sitasema uongo.

Kesho yake nikapanda tuktuk mpaka Malindi kumtafuta fundi. Nikampata nyuma ya soko, mtu wa bara, mnene, mtaratibu. Alitaka nimpelekee mashine kibandani. Nikamwambia mgonjwa hatembezwi juani. Akaja. Akasimama mbele ya sanduku, mikono kiunoni.

"Shosho, hii ni nguo?"

Shosho ni bibi kwa watu wa kwao. "Mimi si shosho wako. Niite bibi. Na hiyo ni kanzu."

"Sasa bibi, itapumua wapi?"

"Wewe umevaa shati, unapumua wapi?"

Mjukuu wangu akaangalia dari.

Fundi akaivua kanzu, akafungua ubavu kwa bisibisi. Kitu cha kwanza kutoka kilikuwa harufu ya udi wangu. Chumba kizima kikanukia kama nyumba ya bi arusi. Kijipangaboi kilikuwa kimeota manyoya: vumbi, masizi yenye mafuta, na nyuzi za waridi zimejisokota humo. Hakuna aliyenisema. Ingekuwa heri wangenisema. Waridi ile niliichagua mwenyewe dukani, nikaishika juani nione kama itachuja. Miezi yote ile nilikuwa naulinda mlango, kumbe mkono unaolegeza komeo ni wangu.

Fundi akang'oa kijipangaboi na kipande cha chuma kilicho chini yake. Akanionyesha ubongo wa mashine, kidude cha mraba kama biskuti. Kati ya ubongo na chuma, akasema, hupakwa dawa laini kama dawa ya meno, ili joto lipande kwenye chuma lipeperushwe. Yetu ilikuwa imekauka, inapukutika kama chokaa ya ukuta mkongwe. Akaifuta kwa pamba na spiriti mpaka ubongo ukang'aa, akatoa bomba kama la sindano, akaminya tone moja kadiri ya punje ya choroko.

"Ongeza," nikamwambia.

"Inatosha, bibi."

"Mgonjwa mahututi unampa tone? Ongeza."

"Ikizidi inamwagika inaharibu. Hii si mafuta ya nazi."

Akifunga misumari nikamuuliza la moyoni. "Hiyo dawa hubadilishwa kila baada ya muda gani?"

"Mashine ya nyumbani, miaka miwili, mitatu. Hapa kwenu kwa joto na chumvi ya bahari, kila mwaka ifunguliwe itazamwe, itolewe vumbi. Kama haichemki, dawa usiiguse."

"Miwili ama mitatu?"

"Inategemea."

"Inategemea nini?"

"Inategemea bibi wa nyumba," akasema, akaikunja kanzu akanipa mkononi.

Mashine ikaenda. Mwezi mzima haikuzima, na yule mzazi akanyamaza. Chetezo nikakihamishia uani. Sanduku likakaa uchi mbele za wageni, wakiuliza nawaambia daktari kakataza nguo. Lakini lile neno, inategemea, lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Cherehani yangu naitia mafuta kila mwezi. Ukuta naupaka chokaa kila Shaabani. Kitu kisicho na siku yake nakiogopa. Mwezi wa nne baada ya hapo nikampigia fundi aje aibadilishe dawa. Akaja, akaweka kiganja, akasema haichemki, akanywa chai akaenda zake. Nikajikatia shauri mwenyewe: kila Shaabani, tunapotoa vyombo nje kabla ya mfungo, atakuja aifungue, apende asipende.

Shaabani ikafika. Muhogo tulikuwa tumeupumzisha, ugali umerudi. Fundi alikuwa ameniahidi mchana. Asubuhi nikainua kioo nifute meza, na chini yake nikakuta picha nne ndogo, zile za pasipoti. Mjukuu wangu, ushungi mweupe, macho makavu.

"Hizi za nini?"

Alikuwa ameshika ndoo ya chokaa. Hakuiweka chini. "Za akiba, bibi. Mashine ikifa."

"Fundi anakuja leo."

"Na mwakani? Jana hukuisikia ilivyovuma? Hujui itakaa miaka miwili ama mitatu. Ulimuuliza mwenyewe, na yeye pia hajui."

Niliisikia. Nilikuwa na nazi mkononi ilipovuma, nikaacha kukuna. Nilikuwa nimejiambia ni joto la mchana tu.

Mtoto nimemlea mimi, na akili yake ya kuona mbali nilijisifia mimi. Nikazikusanya zile picha nikazitia kifuani, ndani ya kanga. Na hapo hapo hodi ikapigwa. Si fundi. Jirani, na bahasha ya khaki, na safari hii bila maandazi.

"Nimekuja kwa zile picha," akasema, akimtazama mtoto, si mimi. "Tuliagana."

Mtoto akanitazama. Chokaa ilikuwa ikimdondoka miguuni. Nyuma yake sanduku lilikuwa likiwaka, kijipangaboi kinavuma, nami nikalisikiliza kwanza, nikasikiliza mpaka nikaogopa. Halafu nikasimama mlangoni.

"Huyu haendi. Kama ni muhogo tutakula muhogo, lakini tutakula wote sinia moja."