Mama Yangu Alivyokwenda Unguja Kuomba Msamaha

Watu wakisikia umetoka Arusha kwenda Zanzibar wanataka picha za ufukweni. Mimi sina hata moja nzuri. Nilimpeleka mama yangu kuomba msamaha, na kila nikikumbuka safari ile natamani yeye na dada yake wangekuwepo wote wawili niwachokoze tena.

Dada huyo, yaani mama yangu mkubwa, aliolewa na Mwislamu wa Unguja, akasilimu. Ukoo wetu wa Kichaga ukanuna. Babu alipofariki, mama mkubwa alisafiri mpaka Kilimanjaro kumzika, na mama yangu akamnyang'anya koleo kaburini, mbele za watu, asimwagie baba yao udongo. Mama na hasira zake! Tangu siku ile hawakusemeshana, miaka nenda miaka rudi.

Uzee ukaanza kumlainisha. Asubuhi moja, nyumbani kwake Usa River, nikamkuta kwenye uzio na manyunyu yale ya Meru, anachuma jani la sale. Kwetu, ukimkosea mtu unampelekea jani hilo, naye akishapelekewa hawezi kukataa kukusamehe. Wala huhitaji maneno mengi.

"Nipeleke kwa dada," akasema.

Akalifunga kwenye kanga. Akalipakata kwenye basi mpaka Dar es Salaam, akalipakata kwenye boti huku anatapika, maskini.

Bandarini Unguja mkaguzi akauliza kama tumebeba mimea yoyote. Mimi nikajibu ndiyo, kwa heshima zote, kama mtoto wa Sunday school. Jani likachukuliwa. Mama alinikata jicho ambalo sijalisahau hadi leo.

"Mjinga wewe! Sasa nitasema nini? Bila sale si anaweza kunikatalia?"

Na kusema ndiko alikokuwa hajui. Tangu nipate akili sikuwahi kumsikia akitamka samahani. Alikuwa akikukosea, jioni unakuta kwenye sahani yako mnofu mkubwa kuliko wa wenzako, na mambo yameishia hapo.

Mji Mkongwe tulizunguka mno. Kichochoro kinakuingiza kwenye kichochoro, kuta ndefu huku na huku, milango ya nakshi, paka wamejilaza barazani. Mimi naulizia njia, mama anajikokota nyuma. Nadhani alifurahi tulivyopotea. Tulipoupata mlango, mama mkubwa alifungua mwenyewe. Nikamwamkia shikamoo, wala hakunisikia. Alikuwa anamtazama mdogo wake, aliyesimama mikono mitupu.

"Dada, nilikukosea. Naomba unisamehe."

Mama mkubwa akamwangalia juu mpaka chini. "Ingieni ndani. Chai ipo."

Basi. Chumbani mama akaninong'oneza, "Umesikia? Hajasema amenisamehe. Hatuondoki hapa mpaka aseme."

Siku zikaenda. Mama mkubwa akatulisha urojo, na mama akauliza kama ile ni supu au uji. Akatupeleka pwani ya mashariki, ufukwe mtupu kabisa, maji yamekupwa mbali huko. Wakavua viatu, wakatembea wameshikana mikono, wanaongea Kichaga. Mama mkubwa alikuwa amesahau maneno mengi. Mama anamsahihisha, wanacheka mpaka wanaketi mchangani. Mimi nyuma nimebeba viatu vyao, najiambia yamekwisha haya. Nilikuwa na furaha, jamani, sijui niisemeje. Lakini tuliporudi mama akanivuta pembeni.

"Kwako amesema lolote?"

Hakuwa amesema. Na kesho yake hakusema.

Siku ya sita likizo yangu ikaisha. Mama akafunga begi lake huku analia waziwazi, hata kujificha hataki. Mama mkubwa akaja akasimama mlangoni mwa chumba.

"Unalia nini sasa?"

"Naondoka na hujanisamehe."

"Nilikusamehe siku ileile, ulipofungua mdomo tu. Ningekwambia, ungepanda boti ya kesho yake."

Mama akajifuta machozi kwa hasira. "Si ungesema tu kwamba unataka nikae!"

"Na wewe si ungesema tu samahani, miaka yote ile?"