Utepe wa Zambarau

Fundi wa video alikuwa na chumba kimoja nyuma ya kinyozi, chenye dirisha dogo alilolifunika kwa blanketi ili jua lisimharibie rangi kwenye skrini. Ndani mlikuwa na meza, feni, kompyuta iliyokuwa ikihema kumshinda mwenyewe, na viti viwili vya plastiki vya wateja. Viti hivyo ndivyo vilivyomtia wazimu. Mteja akikaa tu, anaanza kuona makosa.

Miaka kumi na mmoja alikuwa akikata na kuunga harusi za watu. Alianza kwa kupiga chapa barua katika duka la picha, akajifunza kazi hii kwa kuchungulia begani kwa mwenye duka, akachungulia mpaka yule bwana akawa anamwachia kazi nzima. Alikuwa anaijua kazi yake na hakujificha kwamba anaijua, ndiyo maana watu wa kumwelekeza kwa kidole alikuwa hawawezi kabisa.

Mwelekezaji mkuu wa wiki hiyo alikuwa mjomba wa bibi harusi. Mtaa mzima ulimwita Mjomba, hata Fundi, ambaye hakuwa na undugu naye wa karibu wala wa mbali.

Shida yenyewe ilikuwa dakika nne tu. Mama wa bibi harusi ni kiziwi tangu utotoni. Siku ya harusi alisimama akamuusia binti yake kwa mikono, huku binti yake mdogo akishika kipaza sauti na kuwaeleza wageni. Bibi harusi hakuuona wosia ule. Wapiga picha walijazana katikati, machozi nayo yakamziba macho, akaambulia sauti ya mdogo wake ikikwaruza kwenye spika. Jumamosi alikuwa anasafiri na mumewe kwenda kuishi nchi nyingine, na alichoomba ni kimoja: asiondoke bila maneno ya mama yake. Mjomba akaongeza lake, kwamba maneno hayo yaandikwe chini ya picha ili wakwe nao waelewe. Binti mdogo akayaandika kwenye kurasa tatu za daftari, akaondoka zake chuoni.

Hapo ndipo kazi ilipoota meno. Mama alivaa gauni jeupe, mbele ya pazia jeupe, na herufi za Fundi zilikuwa nyeupe. Herufi nyeusi Mjomba alizikataa, akasema hii ni harusi, si msiba. Basi Fundi akafanya kama wafanyavyo wenzake wote: kuchora mstatili nyuma ya maandishi na kuujaza gradienti, yaani rangi inayoanza nzito chini na kufifia inavyopanda, mpaka inayeyuka kabisa na picha haionekani kama imekatwa kwa kisu.

Kwa mdomo ni rahisi. Mstatili wa kwanza ulikaa juu ya maandishi ukayameza. Akaurudisha nyuma, ukaenda nyuma mno, ukajificha nyuma ya picha yenyewe. Alipouvuta ukae mahali pake, rangi ikageuka kichwa chini: nzito juu, hafifu chini, utepe mzima ukaonekana kama ukuta uliolowa mvua. Akaugeuza. Sasa rangi ikafifia kwa ngazi ngazi badala ya kuteleza. Alipotaka kuilainisha, programu ikaganda, na alichokuwa hajahifadhi kikaenda na maji. Fundi akasonya mpaka kinyozi akauliza kupitia ukutani kama kuna usalama.

Na Mjomba naye hakukosa hata siku moja. Jumatatu alikalia kiti chake na kusema, "Fundi, harusi ilikuwa ya zambarau. Hii bluu ni ya nani?" Ikawa zambarau. Jumanne akataka herufi zikue.

"Kidogo tu," alisema. "Mama mkwe macho yake hayako sawa."

Herufi zikakua, mstari mmoja ukawa mitatu, na utepe ukalazimika kupanda. Jumatano shangazi wa bibi harusi alipiga simu kuagiza mkanda wa dhahabu ukingoni. Alhamisi Mjomba akaona rangi inafifia mapema mno.

"Ipandishe kidogo tu, Fundi. Kidogo tu."

Hiyo "kidogo tu" ilikuwa imemfika Fundi hapa, kooni. Akaipandisha.

Ijumaa asubuhi mama mwenyewe alikuja na binti yake mdogo, aliyekuwa amerudi kutoka chuoni. Mjomba alikuwa ameshakaa. Mama akamsalimu Fundi kwa kuweka kiganja kifuani, akakaa kwenye kiti cha pili. Fundi akabonyeza. Na lazima isemwe, utepe ulikuwa umetulia: zambarau nzito chini, ikipanda na kulegea taratibu, herufi zikisomeka hata na aliyesimama mlangoni. Fundi alijisikia vizuri kwa mara ya kwanza wiki nzima.

Mama alitazama kidogo, akainuka, akasogea mpaka kwenye skrini. Akaufuta utepe kwa kidole gumba, kama mtu anayefuta vumbi kwenye kioo. Akafuta tena. Akakitazama kidole chake, kisha akamgeukia binti yake na mikono ikaenda mbio.

Binti akatafsiri. "Anauliza nani amemziba mdomo."

"Mdomo si unaonekana, Mama, huo hapo," alisema Fundi, na hajamaliza akaona. Mdomo wa mama kwenye skrini ulikuwa umefungwa dakika zote nne. Kilichoonekana ni uso, mabega, na viwiko vikipanda na kushuka. Chini ya viwiko, zambarau tupu.

Mjomba hakuwa ameona bado. "Lakini dada, maneno yako yote yapo. Nimeyahakiki mwenyewe, moja moja."

Binti akampelekea mama maneno hayo kwa mikono, akapokea jibu. "Anasema yale ni maneno yangu mimi, niliyoyaandika daftarini. Ya kwake yako huko chini. Na dada yangu anajua kusoma mikono yake tangu hajajua kusoma kitabu."

Fundi aliona aibu, na aibu ikampandishia hasira, safari hii ya kujikasirikia. Siku tano alikuwa akimtazama mama huyu kuliko mtu yeyote duniani. Alijua hata uzi uliochomoka kwenye ukosi wa gauni. Hakujiuliza hata mara moja ni kitu gani kinachotembea chini ya rangi yake. Na Mjomba je? Miaka hamsini na zaidi ni kaka yake, na hajajifunza hata kumwomba maji kwa mkono. Siku zote alisubiri mtu amtafsirie.

Fundi akaushika utepe, akaufuta. Mikono ya mama ikatokea, mikubwa, yenye haraka. Maandishi akayapeleka juu, na nyuma yake akachora utepe mwingine, mzito juu, hafifu chini, uleule wa kichwa chini aliousonya siku ya kwanza. Ukakaa sawasawa. Ila huko juu, nyuma ya dada yake, ndiko Mjomba alikokuwa amesimama siku ile, mrefu, na suti mpya.

"Fundi, sasa mimi sionekani uso."

"Ndiyo, Mjomba."

"Ungefifisha kidogo tu, hapo usoni."

"Hapana, Mjomba."

Mama alikuwa ameketi anajitazama, mikono yake mapajani ikifuata ile ya kwenye skrini. Ilipofika mwisho, Mjomba akamgusa mpwa wake. "Hapo anaposukuma mkono kisha anauvuta kifuani, anasema nini?"

"Anamwambia dada arudi nyumbani. Hata kama ni kwa siku moja."

Mjomba akainua mkono wake mkubwa, akajaribu, akakosea. Dada yake aliuona. Akamshika kifundo cha mkono na kumnyoosha vidole kimoja kimoja, kwa ukali, kama mtu aliyechoka kungoja, akamrudisha mwanzo.

Fundi alichomeka flashi kwenye kompyuta na kuanza kuhamisha video. Alipogeuka, Mjomba alikuwa bado anakosea, na dada yake bado hajamwachia.