Majani Mabovu ya Bi Chura

Tangazo kwa wote, wenye suti na wenye kandambili: leo asubuhi mgeni rasmi, pamoja na msafara wake na vipaza sauti vyake, atampongeza mama mmoja kwa kazi tukufu ya kumlea chura anayeenea juu ya ukucha wa kidole gumba. Hotuba zimeandikwa. Viti vya plastiki vimevishwa vitambaa. Chura hakuulizwa.

Mama huyo kazini anaitwa Bi Chura, na nyumbani vilevile, maana mumewe alishachoka kubishana. Ofisi yake ni chumba kisicho na dirisha nyuma ya maabara: masanduku ya kioo, taa hafifu, na mashine ya kunyunyiza maji inayokohoa kama mvuta sigara mzee. Humo ndimo walimobaki vyura waliokuwa wakiishi korongo moja tu la msitu mmoja tu, mpaka miti ikakatwa, jua likaingia, na chini pakakauka kau.

Chura huyu si wa bwawani. Mtie bwawani umemzamisha. Kwake ni kwenye majani yaliyooza na kulowa, yenye utitiri anaokula. Anapumua kwa ngozi. Jike hutaga mayai machache chini ya jani, huyoo, anakwenda zake. Dume ndiye anayekaa juu yake na kuyalowesha. Viluwiluwi hakuna: mtoto anamaliza utoto wote ndani ya yai, anatoka chura kamili. Baba wa namna hiyo mtaani kwetu tungemwita karogwa.

Mwaka huu kuvu iliingia kwenye ngozi zao. Majike wote wakafa. Wakabaki madume kadhaa, na mayai ya mwisho chini ya jani moja, dume kayakalia. Basi. Kila kitu kilikuwa kwenye jani hilo.

Alfajiri mkuu wa maabara akachungulia.

"Mama, mgeni anakuja na wewe umejaza jalala kwenye vioo?"

"Daktari, si ndiyo nyumba yao?"

"Najua, nimelisomea jalala hilo miaka! Lakini mheshimiwa hakulisomea, na ndiye mwenye kalamu. Weka mawe meupe na maua ya plastiki. Akiondoka, rudisha."

Bi Chura akaweka mawe. Lile jani, pamoja na mayai na dume wake, akalihamishia kwenye ndoo yenye majani mengine mabovu, akanyunyizia maji, akafunika na kitambaa kibichi, akaificha chini ya ngazi. Akaenda kuvaa sare.

Mfagizi wa jengo ni wifi yake, dada wa mumewe. Kazi hiyo Bi Chura ndiye aliyemwombea. Aliporudi alimkuta amesimama kifua mbele.

"Wifi, leo nimekusitiri! Mtu mzima unaacha ndoo inanuka siku ya wageni?"

"Ndoo iko wapi?"

"Nimeiosha, inameremeta. Majani nimeyachoma. Mabishi hayo! Mpaka nikayatia mafuta ya taa."

"Yote?"

"Sasa nibakize ya nini? Hata ahsante huna, wifi?"

Bi Chura alikimbia nyuma ya jengo, akapiga magoti, akapekua majivu kwa vidole mpaka vikababuka. Ving'ora vilipoingia getini bado alikuwa anapekua. Ikabidi mkuu aje kumwinua.

Mgeni rasmi alihutubia kwa kirefu juu ya vizazi vijavyo. Akapiga picha na mawe meupe. Akasifu maua. Madume walioachwa juu ya mawe wakaanza kulia, sauti nyembamba kama bawaba kavu, sanduku hili, sanduku lile.

"Sikieni!" mheshimiwa akapaza sauti. "Wanaimba kwa furaha! Mama mlezi, hebu waambie wananchi wanaimba nini."

Kipaza sauti kikasogezwa mdomoni kwa Bi Chura.

"Hao madume, mheshimiwa. Wanaita majike. Hawapo."