Skana Yenye Taa Kwenye Kifuniko

Dukani Bujumbura waliniruhusu nijaribu skana mbili kwa negatifu za picha za marehemu baba. Ile ya bei nafuu, isiyo na taa kwenye kifuniko, ilitoa weusi mtupu kama lami. Upuuzi! Na muuzaji bado anaisifu.

Ya pili ilipitisha mwanga kwenye filamu, na baba akatokea kwenye kompyuta, amesimama ufukweni Rumonge, rangi zikiwa bado kinyume: kanzu yake nyeupe ilikuwa nyeusi, uso mweupe kama majivu, mboni nyeupe.

Nikataka kubonyeza pa kuzigeuza rangi. Mama, niliyekuja naye, akanishika mkono. Vidole vyake vilikuwa baridi.

“Usimugeuze, mwanangu. Ndivyo anakujaga kunitazama, tangu tumuzike.”