Safari ya Kuipima Baridi

Kutoka mlangoni kwa mama yangu, upande wa macheo, milima ya Ukaguru ilionekana kama moshi uliosahauliwa angani. Asubuhi ilikuwapo. Jua lilipopanda na vumbi la Kongwa likaanza kutembea, milima ilitoweka; jioni ikarudi, ya buluu, karibu zaidi kuliko ilivyokuwa asubuhi. Nilipokuwa mtoto niliamini kwamba mchana milima hiyo huondoka kwenda malishoni. Sikumbuki kama kuna mtu aliyenieleza hivyo au nilijitungia mwenyewe, na kwa kuwa sikumbuki, sitamsingizia mtu.

Zilikuwa siku za Mjerumani. Reli ilikuwa imekwisha kupita Dodoma, na watu wa kwetu walikuwa bado wakifunga safari ya kwenda kuitazama tu, kisha wakarudi nyumbani na kunyamaza. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ndogo ya misheni, si mbali na Kongwa. Nilikuwa nimeoa, na tulikuwa na binti mmoja aliyekuwa ameanza kutembea. Kabla yake tulizika wawili. Wote wawili walichukuliwa na homa, na wote walichukuliwa wakati wa mvua, majira ambayo nchi nzima ya Ugogo huinua uso na kushukuru. Huyu wa tatu naye mvua zilimjua. Kila zilipokuja alilala na homa, na kila alipoinuka alikuwa mwepesi kuliko alivyolala, hata nikimbeba nilihisi kama nimebeba nguo zake.

Baada ya mavuno padre aliniita. Kulikuwa na shule juu ya milima, mbali kupita Mlali, ambayo haikuwa na mwalimu. Aliniambia kwamba ni nchi ya upweke na ya baridi kali, na kwamba wengi waliopelekwa huko waliomba kurudi.

"Lakini huko hakuna homa," alisema. "Mfikirie mtoto wako. Unijibu kabla ya mvua."

Ningalikuwa na mke na mtoto peke yao, huenda ningalijibu pale pale. Lakini mimi nilikuwa kitinda mimba wa mama yangu, na kwetu kitinda mimba ndiye mwenye nyumba ya mama. Ndugu wakubwa huondoka wakajenga tembe zao. Wa mwisho hubaki. Hakuna aliyenisomea sheria hiyo. Nilizaliwa nayo, kama mtu azaliwavyo na rangi ya macho yake. Nikipanda mimi, mama atapanda. Na mama alikuwa na kifua kibovu. Hata huku kwetu bondeni, upepo wa kipupwe ulipoanza kuvuma, alikohoa tangu alfajiri mpaka jua lilipokuwa kali. Basi jambo lilikuwa hivi: bondeni ningeweza kumpoteza mtoto, mlimani ningeweza kumpoteza mama, na habari zote za huko mlimani, kwamba hakuna homa na kwamba baridi inaua wazee, nilikuwa nimezipata kwa maneno ya watu.

Sipendi maneno ya watu. Sikuyapenda nilipokuwa kijana, na uzee haukunilainisha. Niliyoyaona nayaita niliyoyaona, na niliyoyasikia nayaita niliyoyasikia. Laiti watu wangetenganisha haya mawili, nusu ya ugomvi wa dunia ungekosa pa kukaa.

Kaka yangu mkubwa alipopata habari alikuja kutoka kwa ng'ombe wake, fimbo mabegani, vumbi mpaka kwenye kope.

"Mdogo wangu," alisema hata kabla ya kuketi, "nasikia unataka kwenda kuishi na mawingu."

"Bado sijataka. Ninauliza tu."

"Usiulize. Kule mzee akikohoa jioni, asubuhi wanamkuta amekauka kama ngozi ya mbuzi."

"Ulimwona nani?"

"Nani tena?"

"Huyo aliyekauka."

"Mimi? Nimesikia kwa wauza tumbaku wanaoshuka kutoka huko."

"Nao walimwona?"

Kaka akamgeukia mama. "Unamsikia? Kusoma kumemharibu. Watu wote wanasema, yeye anataka aletewe maiti!"

Mama alicheka mpaka kikohozi kikamshika. "Mwache," alisema alipopata pumzi. "Huyu tangu mdogo, ukimwambia moto unaunguza, anauliza ni nani aliyeungua."

Mke wangu alikuwa akisaga uwele karibu nasi, amepiga magoti, mtoto amemfunga mgongoni. Hakuinua kichwa. Jiwe lilikwenda na kurudi, likaenda na kurudi, kisha likasimama.

"Mimi nimezika wawili," alisema. "Hilo sikulisikia kwa mtu."

Jiwe likaendelea.

Niliamua kupanda mwenyewe, tena katika kipupwe, baridi ikiwa katika enzi yake. Nchi ya baridi isipimwe wakati wa joto. Nilipokuwa nikifunga mzigo wangu, mama alinipa kibuyu kidogo chenye chumvi ya Bahi, ile ya kijivu inayokwanguliwa juu ya udongo, na konzi ya uwele ndani ya kitambaa. Tangu alipoolewa alikuwa amehama mara nyingi kufuata maji na majani, na kila pahali papya alianza kwa kuacha chumvi wazi chini ya paa. Ikikaa kavu, nafaka itakaa. Ikilowa, alimwambia baba wafunge mizigo tena.

"Usiilinde," aliniagiza. "Iache ifanye inavyotaka, kisha unieleze."

Nililala Mlali, na kulipopambazuka nikaanza kupanda. Njia ile naiota mpaka leo, wala sina hakika tena ni ipi njia yenyewe na ni ipi ya ndotoni. Kwanza miiba ilipungua. Kisha mchanga ukageuka kuwa udongo mweusi ulioshika nyayo zangu na kuzihifadhi, kana kwamba ungenihitaji baadaye. Kisha nikasikia maji. Nilisimama, kwa kuwa kwetu maji hayana sauti. Hukaa kimya chini ya mchanga wa korongo mpaka mwanamke ayachimbe. Haya yalikuwa yakizungumza peke yake chini ya miti, bila mtu karibu. Kisha ukungu ulishuka. Nilisikia mbuzi bila kuwaona, nikasikia mtu akikata kuni, kisha nikamsikia mtoto akicheka juu ya kichwa changu, mahali nilipodhani ni mbingu. Nikaendelea kupanda kuelekea kwenye kicheko kile, na nyumba zikatoka katika weupe moja baada ya nyingine, za msonge, zimevaa nyasi mpaka karibu na ardhi.

Nilipokewa na bibi mmoja mjane ambaye nyumba yake ilikuwa jirani na shule. Nilimwamkia. Alinitazama nilivyosimama na shuka langu moja.

"Ingia, mjukuu wangu, ukatetemekee ndani. Ukitetemekea hapo mlangoni utaniangushia nyumba."

"Bibi, baridi hii huwa hivi siku zote?"

"Hii?" Akageuka huku na huku kama mtu anayetafuta kitu kilichopotea. "Baridi ipi?"

Moto wake ulikuwa katikati ya nyumba, na aliniambia kwamba haujazimika tangu alipoletwa pale akiwa bibi arusi. Hilo nililisikia, sikuliona. Nililoliona ni kwamba siku zote nilizokaa kwake haukuzimika. Baridi nayo niliiona, wala sitaipunguza ili kuipendezesha hadithi. Maji ya kunywa yaliumiza meno. Asubuhi, nilipojaribu kuwafundisha watoto wa shule ile, vidole vyangu vilikataa kushika chaki. Moshi ulining'ang'ania machoni, na bibi mwenyewe alikohoa.

Kila ukungu ulipoinuka, wazee wa kijiji walitoka wakakaa kwenye mteremko unaopigwa na jua, wamejifunika, kama ndege waliotua. Nilikwenda kukaa kati yao. Walikuwa wengi, wake kwa waume, na baadhi yao walikuwa wakubwa kuliko mama. Nilimwuliza kila mmoja kama alizaliwa huko au alitoka bondeni akiwa mtu mzima, na wawili watatu walikuwa wametoka bondeni. Walinijibu kwa subira, wakaulizana kwa lugha yao kama ninahesabu watu kwa ajili ya kodi ya boma.

Kisha nikawashika watoto. Mganga wa misheni alikuwa ametufundisha sisi walimu kubonyeza tumbo la mtoto chini ya mbavu za kushoto ili kutafuta bandama; homa ikimzoea mtoto, bandama huvimba na kuwa gumu. Katika shule yangu ya Kongwa nilikuwa nikiligusa kwa karibu kila mtoto, kama jiwe ndani ya mfuko. Huku niliwapanga nje ya shule na kuwabonyeza mmoja mmoja. Walijikunja kwa kutekenywa, wakaanguka nyasini, wakarudi kwenye mstari ili wabonyezwe tena.

Bibi alisimama akitazama, mkono kiunoni. "Mjukuu wangu, wewe ni mwalimu au mnunuzi wa mbuzi?"

"Mwalimu, bibi."

"Basi nunua yule mnene tumalize."

Vidole vyangu vilizama katika matumbo laini, tumbo baada ya tumbo. Niligusa jiwe mara moja tu, kwa mvulana mwembamba aliyesimama mwishoni. Niliuliza habari zake. Alikuwa ameletwa kutoka bondeni mavuno yale yale. Nilisimama pale, ukungu ukianza tena kupanda kutoka makorongoni, mkono wangu ungali tumboni mwa mtoto wa watu, nami nikajua kwamba hilo la homa lilikuwa kweli. Sikuambiwa. Nilikuwa nimelishika.

Chumvi niliiacha wazi chini ya paa, kama nilivyoagizwa. Haikudumu. Asubuhi moja nilikuta kibuyuni maji machache ya kijivu, na uwele ulikuwa na harufu ya kuvunda. Nilikichukua kibuyu nikashuka nacho, na njia nzima nilikuwa nikitafuta namna ya kumweleza mama.

Nilipofika walikuwa wote nyumbani, kaka naye amekuja kusikia. Niliwaeleza kila kitu kwa utaratibu: maji, moshi, meno, wazee wa mteremkoni, matumbo ya watoto. Mwisho nikamweleza mama habari za chumvi.

"Ilimwagiwa maji?" aliuliza.

"Hapana, mama."

"Mvua ilinyesha?"

"Haikunyesha. Iliyeyuka kwa hewa tu."

"Kwa hewa tu," alirudia. Alitazama upande wa macheo, ambako saa ile hapakuwa na kitu ila vumbi. Maisha yake yote alikuwa ameyachimba maji kwa mikono. "Kumbe iko nchi ambayo maji yanatembea hewani na hayana wa kuyachota."

"Mama, utakufa kule," alisema kaka.

"Na hapa nitaishi milele?" Kisha akanigeukia mimi. "Niambie wewe, baba. Baridi hiyo itaniua?"

Nilitamani kusema hapana. Mke wangu aliniangalia, nami nilijua alitamani niseme hapana.

"Sijui, mama. Wazee niliwaona, lakini niliwaona walio hai. Waliokufa sikuwaona."

Kaka alipiga fimbo yake chini kwa hasira. Lakini mama aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa alichokuwa akikingoja.

"Tangu jambo hili lianze, kila mtu ananiambia anachokitaka," alisema. "Wajukuu wawili wamenitangulia. Huyu hatanitangulia. Mwambie padre tunakwenda."

Tulipanda kabla ya mvua. Kaka, pamoja na hasira zake, ndiye aliyembeba mama mahali pa mwinuko mkali, akilalamika njia nzima kwamba mawingu yanamwingia puani, naye mama akimwambia ayavute vizuri kwa kuwa kwao hayapo.

Mama aliishi nasi huko mpaka binti yangu alipoanza kusoma. Alikohoa kila kipupwe. Alipofariki walikuwapo waliosema ni baridi na waliosema ni uzee. Mimi niliyekuwa karibu naye kuliko wote sikuweza kusema, na leo pia sisemi. Ninachoweza kukishuhudia ni mvua zetu za kwanza kule.

Zilianza taratibu, bila ngurumo, kama ukungu ulioamua kuwa na uzito. Nyumba nzima ilisubiri homa. Hakuna aliyeitaja. Mke wangu alipika, mimi nilifundisha, na mama alikaa karibu na moto, mtoto mapajani, kiganja chake juu ya paji la uso wa mtoto, siku baada ya siku. Wageni walipoingia aliwaitikia bila kukiondoa kiganja. Kule bondeni mama hakumruhusu mtoto yule aguswe hata na tone moja, kwa kuwa aliamini kwamba homa huja ndani ya mvua. Wengi wetu tuliamini hivyo siku zile.

Alasiri moja, mvua ikiendelea, niliwakuta hivyo nilipotoka shuleni. Mtoto alikuwa akijinyonganyonga, akielekeza kidole mlangoni.

"Anataka nini?" niliuliza.

"Anataka kutoka," alisema mke wangu.

Mama alibonyeza paji lile kwa kiganja, kisha kwa mgongo wa mkono, kisha kwa shavu lake mwenyewe. Akamtazama mke wangu kwa muda. Kisha akainua mkono.

"Mwacheni atoke."

Mtoto akatoka. Tulisimama mlangoni watu wazima watatu, tukimwona akiingia katika weupe ule mpaka asionekane, ila sauti yake tu, akiipigia mvua kelele kama apigiwavyo kuku.